Sauti ya Gruach: Siobhan Redmond na Suala la Lafudhi katika Tamthilia ya Uskoti

Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia katika idara zetu una kasoro moja ambayo tumeizoea hata hatuioni tena: tunaihakiki tamthilia kana kwamba ni riwaya iliyokosa msimulizi. Tunachambua msuko, wahusika, dhamira na tamathali. Mwigizaji, ambaye ndiye anayeitia tamthilia pumzi, hatumpi hata aya moja. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuandika kurasa mia mbili juu ya Kinjeketile (1969) ya Ebrahim Hussein pasipo kuuliza hata mara moja maneno ya mhusika huyo hutamkwa kwa sauti gani, kwa lafudhi ipi, na mbele ya hadhira ya namna gani. Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya mazoea hayo kwa kuiangalia kazi ya Siobhan Redmond, mwigizaji wa jukwaa na televisheni kutoka Uskoti. Hoja yetu ni kwamba lafudhi ya mwigizaji huyu si pambo lililobandikwa juu ya matini, bali ni sehemu ya maana ya matini yenyewe. Na kwamba mhakiki asiyeisikia huwa ameisoma nusu tu ya tamthilia.

Usuli

Redmond alizaliwa Glasgow mwaka 1959. Alisoma katika Chuo Kikuu cha St Andrews, kisha akapata mafunzo ya uigizaji katika shule ya Bristol Old Vic, huko Uingereza. Safari hiyo ya kutoka kaskazini kwenda kusini ina maana kwa mada yetu. Kwa muda mrefu mwigizaji wa Uskoti aliyetaka kupewa nafasi kuu katika kumbi za London alitakiwa kwanza kujifunza Kiingereza cha tabaka la juu la kusini. Lafudhi ya nyumbani iliwekewa kazi mbili: kuchekesha na kutumikia. Mlevi, mjakazi, askari wa cheo cha chini na daktari wa kijijini waliweza kusema Kiskoti. Mfalme na mpenzi hawakuweza.

Haya si mageni kwetu. Tangu Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, Kimvita na Kiamu, zenye hazina kubwa ya ushairi, zimelazimika kubisha hodi katika nyumba ambayo zilishiriki kuijenga. Na katika televisheni yetu, vipindi kama Vitimbi na Vioja Mahakamani vilijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya lafudhi za bara. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kwa jina la Mzee Ojwang' na kwa lafudhi ya Kijaluo, ilhali yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo. Tulicheka. Lakini ni mara ngapi tumemsikia mhusika mwenye lafudhi hiyo hiyo akipewa tanzia?

Televisheni: lafudhi kama kichekesho na kama ukawaida

Redmond alionekana katika televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika Alfresco (1983-1984), kipindi cha vichekesho kilichowakutanisha vijana waliokuja kuvuma baadaye, wakiwemo Emma Thompson, Hugh Laurie, Stephen Fry na Robbie Coltrane. Kazi mbili za miaka ya 1990 ndizo zinazotufaa zaidi hapa kwa kuwa zinasimama katika ncha mbili zinazopingana.

Ya kwanza ni Between the Lines (1992-1994), tamthilia ya BBC kuhusu kitengo kinachochunguza maovu ya polisi wenyewe jijini London. Redmond aliigiza Mo Connell, mpelelezi mwanamke katika kundi la wanaume. Mhusika huyu ni Mskoti, lakini Uskoti wake haujadiliwi. Upo tu, kama vile akili na ukaidi wake ulivyopo. Hapa lafudhi imeondolewa katika kitengo cha dosari na kuwekwa katika kitengo cha sifa za kawaida za binadamu.

Ya pili ni The High Life (1994-1995), kichekesho kilichoandikwa na Alan Cumming na Forbes Masson kuhusu wahudumu wa shirika dogo la ndege la kubuni. Redmond aliigiza Shona Spurtle, msimamizi mkali asiyesamehe. Jina lenyewe ni la dhihaka: spurtle ni mwiko wa kukorogea uji wa Kiskoti. Katika kazi hii lafudhi inavutwa hadi ukomo wake, na kicheko kinatokana na ukali wa mwalimu wa shule uliohamishiwa angani. Hata hivyo, kuna tofauti ya msingi kati ya kichekesho hiki na vile vya awali: wanaocheka na wanaochekwa ni watu wa nyumba moja. Waandishi ni Waskoti, na mwigizaji anaijua mizaha ya kwao. Mcheza kwao hutunzwa.

Perfect Days: mwandishi anapoandikia sauti

Mwaka 1998 ukumbi wa Traverse, Edinburgh, ulitoa tamthilia ya Liz Lochhead iitwayo Perfect Days, chini ya uelekezaji wa John Tiffany. Mhusika mkuu ni Barbs Marshall, msusi mashuhuri wa Glasgow anayekaribia umri wa miaka 40, mwenye mafanikio yote ya kazi lakini anayetamani mtoto. Lochhead aliiandika nafasi hiyo akiwa na Redmond akilini. Jambo hili linatulazimisha kuuliza upya swali la uandishi. Tumezoea mtiririko wa upande mmoja: mwandishi huandika, mwelekezi hufasiri, mwigizaji hutekeleza. Hapa sauti ya mwigizaji inatangulia maandishi. Mapigo ya sentensi za Barbs, kasi yake, mizaha yake inayokatiza huzuni kabla haijamfika machoni, vyote vimefumwa kwa kufuata koo la mtu fulani. Mhakiki anayezungumzia mtindo wa Lochhead katika tamthilia hii bila kumtaja Redmond anasifu ala na kumsahau mpigaji aliyesababisha ikachongwa hivyo.

Zaidi ya hayo, Barbs ni mwanamke wa tabaka la kazi aliyepanda ngazi, na lugha yake haikupanda pamoja naye. Kubaki kwake na lafudhi ya Glasgow ni uamuzi wa kimaadili ndani ya tamthilia, ijapokuwa hakuna mhusika anayeutangaza.

Dunsinane: lafudhi kama mamlaka

Kilele cha hoja yetu ni Dunsinane ya David Greig, iliyotolewa na Royal Shakespeare Company katika ukumbi wa Hampstead, London, mwaka 2010, na baadaye kuchukuliwa na National Theatre of Scotland. Greig anaanza pale Shakespeare anapokaribia kuishia. Jeshi la Kiingereza linaloongozwa na Siward limemwangusha mtawala wa Uskoti ili kumtawaza Malcolm. Siward ametarajia kazi nyepesi. Badala yake anakuta malkia yu hai, ana mwana wa ndoa ya kwanza anayestahili kiti, na ana watu wanaomtii. Jeshi lililokuja kuleta amani linakuwa jeshi la kukalia nchi; na hadhira ya mwaka 2010 haikuhitaji kuelezwa kuhusu Iraki na Afghanistani.

Katika Macbeth ya Shakespeare mwanamke huyu hana jina lake mwenyewe. Hata sisi tuliopokea tamthilia hiyo kwa Kiswahili kupitia tafsiri ya S. S. Mushi, Makbeth (1968), tunamjua kupitia mumewe. Greig anamrejeshea jina lililomo katika historia, Gruach, na kumrejeshea pia mwanawe, ambaye historia inamwita Lulach na ambaye alitawala kwa muda mfupi kati ya 1057 na 1058. Lakini jina lililo katika karatasi halitoshi, linahitaji mdomo. Redmond ndiye aliyempa Gruach mdomo huo.

Kuna onyesho ambapo Gruach anamkosoa Siward kuhusu lugha yake. Anakiona Kiingereza kama chombo cha fundi seremala: kinafaa kutaja na kupima vitu, na kwa kuvitaja kinataka kuvimiliki, ilhali lugha ya kwao haina haja ya kuueleza msitu kwa kuwa yenyewe ni mahali pa kuishi. Likisomwa kimyakimya, onyesho hili ni tasnifu fupi juu ya ukoloni wa lugha. Likitamkwa na Redmond linakuwa jambo jingine, kwa sababu anayekishambulia Kiingereza anakisema vizuri kuliko askari waliokuja nacho. Gruach anakisema kama mtu anayekunja kisu cha adui na kumrudishia. Kinaya hiki hakimo katika maneno pekee. Kimo katika masafa kati ya maneno na lafudhi.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 2006, katika toleo la Mary Stuart ya Schiller lililoandaliwa na National Theatre of Scotland kwa tafsiri ya David Harrower, Redmond aliigiza Elizabeth, malkia wa Uingereza anayetia sahihi hati ya kifo cha malkia wa Uskoti. Ndani ya miaka minne mwigizaji mmoja alikalia kiti cha mshindi na kisha akasimama mahali pa mshindwa asiyekubali kushindwa. Hadhira yenye kumbukumbu hubeba sauti ya kwanza ndani ya ya pili. Huo nao ni mwingilianomatini, ingawa hauna ukurasa.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba tunampa mwigizaji sifa zinazomstahili mwandishi. Pingamizi hili lina uzito, lakini halituondoi njiani: hatudai kuwa Redmond aliandika Dunsinane, tunadai kwamba alikamilisha jambo ambalo maandishi yanaliashiria tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Gruach anatetea Kigaeli kwa Kiingereza, kupitia kinywa cha mwigizaji kutoka Glasgow, mji ambao lugha yake ya kila siku si Kigaeli. Katika sensa ya 2011 wasemaji wa Kigaeli Uskoti nzima walikuwa takriban 57,000 tu. Je, si uzuri wa maombolezo tu huu? Hapa tunakubali kasoro. Tamthilia inamweka Gruach karibu mno na taswira ya malkia wa fumbo, mwanamke wa ukungu na nyimbo zisizotafsiriwa, ambayo mkoloni amekuwa akiipenda siku zote. Uigizaji unaweza kuipunguza taswira hiyo kwa ucheshi mkavu na ukavu wa macho, hauwezi kuifuta. Hata hivyo, sisi tunaosoma Decolonising the Mind (1986) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kitabu kinachokiaga Kiingereza kwa Kiingereza, hatuna haki ya kuwa wa kwanza kurusha jiwe. Tofauti ni kwamba Ngũgĩ alikuwa amekwisha kwenda Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na kuwaachia wanakijiji Gĩkũyũ chao jukwaani. Ukumbi wa Hampstead si Kamĩrĩĩthũ.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika kazi ya Siobhan Redmond lafudhi imepita katika hatua tatu: kichekesho, ukawaida, na mamlaka. Hatua hizi hazifuatani kwa miaka kama ngazi. Zinakaa pamoja, na kila moja inaikumbusha nyingine. Malkia Gruach anatisha kwa kuwa Shona Spurtle alikwisha kutuchekesha kwa ulimi ule ule.

Kwa idara zetu funzo ni la vitendo. Tamthilia tunazozitahini zitaendelea kufundishwa kama vitabu maadamu hatuna desturi ya kuhifadhi kumbukumbu za maonyesho: nani aliigiza, wapi, lini, na kwa lafudhi gani. Waigizaji wetu wanazeeka na kufariki, na sauti zao zinakwenda nao. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu ya sauti moja tu kati ya hizo, kabla haijanyamaza, atakuwa ameufaa uhakiki wa Kiswahili kuliko atakayechambua kwa mara ya hamsini dhamira za kitabu kile kile.