Rasimu, Muswada na Kalamu ya Mhariri: Tatizo la Riwaya ya Kwanza Tarime na Serengeti

Miongoni mwa istilahi za kazi ya vitabu zinazotumiwa kiholela ni "rasimu" na "muswada". Walimu, waandishi na hata watumishi wa ofisi za uchapishaji huzitumia kana kwamba ni neno moja. Huenda msomaji akadhani kwamba hili ni jambo dogo la wanakamusi peke yao. Sisi tunaona kwamba uzembe huu unawaponza watu, hasa watunzi wa riwaya ya kwanza walio mbali na Pwani, kama vile wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara.

Maneno yote mawili yana asili ya Kiarabu: rasimu inahusiana na kuchora, na muswada una mzizi wenye maana ya weusi. Asili hiyo haitoshi kuyatenga. Matumizi ndiyo yayatenge. Muswada wa sheria ni andiko lililokwisha kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya kuliamua. Tunapendekeza mfano huo ufuatwe katika fasihi. Andiko lililo bado mikononi mwa mtunzi liitwe rasimu. Likishafikishwa kwa mchapishaji liitwe muswada. Rasimu huandikwa upya na mtunzi, muswada huhaririwa na mhariri, na kurasa za chapa husomwa na msahihishaji wa prufu. Hizo ni kazi tatu, na kila moja ina wakati wake.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Nyamongo au Mugumu, msemaji wa Kikuria, aliyemaliza sura 10 za riwaya yake. Kikuria hakitenganishi r na l kama Kiswahili kitenganishavyo. Kwa hiyo si ajabu wahusika wake "wakapiga kula" na "kura ugali". Msomaji wake wa kwanza, akiichukua rasimu hiyo kuwa muswada, atazijaza kurasa wino mwekundu juu ya herufi hizo. Mtunzi atanakili upya sura zote 10, naye ataamini kwamba amepiga hatua. Kumbe kasoro iliyo kubwa, kwamba mhusika mkuu anatoweka katika sura ya 4 bila sababu, haijaguswa. Na siku sura hiyo itakapofutwa, jasho lote la kusahihisha herufi zake litakuwa limekwenda bure.

Hatari ya pili inazidi hiyo. Tuseme mwalimu huyo ametumia neno "inchama", yaani baraza la siri la wazee wa Kikuria. Kalamu iliyozoea kufuta itaandika "baraza la wazee", na msomaji ataona akilini wazee wamekaa uwanjani kusikiliza shauri mbele ya watu wote. Usiri umepotea, na pamoja nao kiini cha kisa. "Kura" mahali pa "kula" ni kosa. "Inchama" ni istilahi. Mhariri asiyetenganisha mambo haya mawili hakisanifishi Kiswahili, bali anakipunguzia mali.

Wako watakaosema kwamba lugha safi yapasa ianze tangu ukurasa wa kwanza. Darasani tunakubali. Lakini riwaya si insha ya mtihani. Usafi wa herufi una siku yake, nayo ni ya mwisho.

Ushahidi hauko mbali. Kisiwani Ukerewe, katika ziwa hilo hilo linalopakana na Mara, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji katika lugha hiyo, naye mwenyewe akaifasiri kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliitoa mwaka 1980. Mtunzi alifariki mwaka 1981. Angalipima maendeleo kwa idadi ya kurasa, angalisema kazi imekwisha mwaka 1945. Kumbe ilibaki miaka 35, na ndani yake kazi ya kuitunga upya katika lugha nyingine. Hata hivyo majina ya Myombekere, Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali yalibaki na Ukerewe wake, wala Kiswahili hakikudhurika.

Kwa hiyo twawashauri watunzi wawe na daftari la maendeleo lenye safu nne: tarehe, sura, uamuzi uliofanywa na sababu yake. Siku ambayo mtunzi amefuta kurasa 6 kwa sababu anayoijua yaweza kuwa siku ya maendeleo kuliko ile aliyoandika kurasa 12. Maneno ya kienyeji yawekewe orodha mwishoni mwa daftari, kila neno na maana yake, ili mhariri aikute tayari muswada umfikiapo.

Na mhariri, kabla ya kufungua kalamu yake nyekundu, aulize kwanza: hii ni rasimu au muswada?