Matroni na Sindano ya Alfajiri

Kabla kengele ya bweni haijalia, matroni ameshafungua kabati la dawa. Mwanafunzi mwenye kisukari cha aina ya kwanza anatoboa kidole, kipimo kinasoma, namba inaandikwa daftarini. Ndipo sindano.

Matroni hachomi. Kazi yake ni kuangalia, nayo ina ugumu wake: chupa ya insulini ya mchanganyiko imeviringishwa viganjani, haikutikiswa, uniti ni zile alizoandika daktari, leo ni paja, maana jana ilikuwa tumbo. Insulini hiyo hutaka nusu saa hivi kabla ya kula, kwa hiyo kuni zikiwa mbichi na uji ukachelewa, yeye ndiye anayekimbilia jikoni kuuliza. Umeme ukikatika siku nzima, chupa zinahamia kwenye chungu cha udongo zisipate joto. Sukari ya mtoto ikishuka chini ya 4 mmol/L usiku wa manane, matroni ndiye anayeamshwa, anakoroga glukosi, anasubiri dakika 15, anapima tena.

Halafu kuna kijana wa miaka 16 anayewaonea haya wenzake. “Nimeshachoma, mama,” anasema, naye hajachoma. Hapo hata wazazi hushindwa. Matroni hagombi, anavuta kiti na kukaa hadi sindano iingie. Anajua kwamba siku moja au mbili bila insulini zaweza kumfikisha kijana huyo wodini, anahema kwa nguvu, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno.

Barua ya ajira ya matroni, mara nyingi, haitaji sindano popote.