"Toa yote benki, tumia kashi": shauri la nusu

Ndugu zangu tuliosoma, kuna shauri linapita sana kati yetu: toa pesa yote benki, lipa kashi, mwizi wa akaunti hatakupata. Mimi nalikubali nusu tu.

Ni kweli, anayelipa kashi sokoni haonyeshi mtu kadi wala namba ya siri. Tena noti zikipungua mfukoni unaziona, unajizuia. Na Goma ilitufunza: mwisho wa Januari 2025 benki zilifunga, mwenye kadi peke yake akabaki anaangalia mlango.

Lakini kashi yote nyumbani inaita mwizi wa usiku, na huyo haulizi namba ya siri. Dola nayo ikipasuka kidogo tu, muuzaji anakurudishia.

Kosa la shauri hili ni kuogopa benki tu, kumbe mwizi anapitia simu. Anapiga, anajifanya mtu wa mtandao, na siye wenyewe tunamtajia namba. Kashi haifungi mlango huo.

Basi toa ya wiki moja, ingine ibaki. Namba ya siri usimpe mtu, hata yule wa kabini unayemuzoea.