Mabuu katika Madrasa za Bweni za Java

Katika madrasa za bweni za kisiwa cha Java, ziitwazo pesantren, ambamo wanafunzi kwa mamia, na pengine kwa maelfu, hula wali wa jiko moja, makombo ya kila siku yalikuwa yakiishia jaani au motoni, hata baadhi ya madrasa hizo zikaazimu kuwapa mabuu wa nzi chuma. Na azma hiyo ilikuwa na tegemeo la sheria, kwani mwaka 2014 Baraza la Maulamaa la Indonesia, katika fatwa nambari 47, lilikwisha kutamka kuwa ni haramu kutupa kitu ambacho bado chafaa.

Nzi huyu si yule wa jikoni. Akishaota mbawa hana haja na vyakula vya watu. Huishi siku chache za kupandana na kutaga, na jike hutaga mayai kama 500, si juu ya makombo yenyewe bali katika ufa mkavu ulio jirani nayo. Kwa hiyo wafugaji hufunga pamoja vibao vyembamba, wakaviweka juu ya chombo chenye harufu ya kumvuta, kisha wakayakwangua mayai taratibu kwa kisu. Huanguliwa kwa siku nne hivi, na baada ya majuma mawili mabuu huwa tayari kwa kuku na kambare, protini ikikaribia asilimia 40 ya uzito wao mkavu. Masalio ya sanduku walimofugwa ni mbolea.

Mashaka makubwa yamo katika maji. Wali uliorowa mchuzi hugandamana kama uji, hewa ikakosa njia, na mabuu, badala ya kula, hupanda kingo za sanduku wakitoroka. Ndiyo maana kazi iliyo aula, kwa rai yangu, hufanyika karoni, pale mwanafunzi wa zamu anapochuja mchuzi, akatenga mifupa na plastiki, ndipo makombo yakachanganywa na pumba za mpunga hata ukiyafumbata kiganjani yasichuruzike ila tone moja moja. Madrasa ijengayo banda zuri na kuupuuza utaratibu huu huambulia uvundo, na majirani wana haki ya kulalamika.

Tena kuna likizo. Wanafunzi waendapo makwao kwa Ramadhani na Idi, jiko hupoa na chakula cha mabuu hukatika. Basi msimamizi mwenye busara hupunguza mapema mayai ya kuanguliwa, akawaacha mabuu wakubwa wajifungie katika ganda lao jeusi, hali isiyohitaji chakula, na kwa wadogo waliosalia akatafuta maganda ya matunda na mboga sokoni.