Ukuta Ulikuwepo, na Ufa Ulikuwepo

Jioni ya Januari 2, 1988, huko Floreffe, Pennsylvania, kampuni ya Ashland Oil ilikuwa ikijaza dizeli kwenye tangi lenye kimo cha mita 14 na ushei. Ilikuwa mara ya kwanza kulijaza tangu lisimamishwe hapo. Lilipokaribia kujaa, bati lake likapasuka kutoka chini hadi juu. Karibu lita milioni 15 zikamwagika kwa mkupuo mmoja, kiasi cha kujaza malori ya mafuta zaidi ya 400 ya lita 35,000.

Kwa maandishi, janga hilo lilishapigiwa hesabu. Tangu 1974, kanuni ya Marekani ya kuzuia umwagikaji wa mafuta ilidai kila ghala la kiwango fulani liwe na mpango uliothibitishwa na mhandisi, pamoja na ukuta wa kinga kuzunguka matangi. Kipimo cha ukuta ni chepesi: eneo la ndani lichukue ujazo wa tangi kubwa kuliko yote, na ibaki nafasi ya maji ya mvua. Floreffe, ukuta ulikuwepo.

Lakini hesabu ile ni ya ujazo, si ya kishindo. Inafaa kwa tangi linalovuja, mafuta yakipanda taratibu kama maji ndani ya beseni. Tangi lililochanika wima humimina yote kwa pamoja, na dizeli ikaja kama wimbi, ikagonga ukuta na kuuruka. Sehemu kubwa ilibaki ndani ya eneo la ghala, kwa hiyo ukuta haukujengwa bure. Iliyoruka ilifuata mteremko hadi kiwanja cha jirani, ikakuta mfereji wa maji ya mvua, na mfereji ukaipeleka mto Monongahela. Takriban lita milioni 2.8 zilifika mtoni. Huko, maporomoko ya mabwawa yaliikoroga dizeli na maji, na vizuizi vinavyoelea, ambavyo hukinga mafuta yaliyo juu tu, vikazidiwa. Miji iliyochota maji ya kunywa humo ikalazimika kufunga mitambo yake.

Chanzo kilikuwa kidogo mno. Tangi lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40, limebomolewa Ohio na kuunganishwa upya Floreffe. Wachunguzi walikuta dosari ndogo kwenye bati, karibu na mahali palipochomelewa, iliyokuwepo tangu kabla tangi halijajengwa mara ya kwanza. Chuma cha aina ile, kwenye baridi ya Januari, hakinyumbuki. Huvunjika kama kigae.

Kipo kipimo cha kufichua udhaifu wa namna hiyo: jaza tangi maji hadi juu kabla ya kutia mafuta. Maji ni mazito kuliko dizeli, na tangi likipasuka, yanayomwagika ni maji. Floreffe walitia maji ya kina cha kama mita moja na nusu tu. Kina hicho hakiwezi kulisukuma bati kwa nguvu ya tangi lililojaa.

Marekebisho yalikuja kwa mafungu. Mwaka 1989 meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska, na 1990 Bunge la Marekani likapitisha sheria mpya ya uchafuzi wa mafuta. Kutokana nayo, kanuni ya 1994 iliyataka maghala makubwa yajiandae kwa umwagikaji mbaya kuliko wote, yaani yapange kazi kana kwamba ukuta umeshindwa. Taasisi ya sekta ya mafuta nayo ilitoa mwaka 1991 kiwango cha kukagua, kukarabati na kuunganisha upya matangi. Kuhusu chuma chenyewe, kanuni ile ya 1974 ilisema ukaguzi wa uimara wa tangi “unafaa” kufanywa. Marekebisho ya 2002 yakaandika “lazima”, na yakaagiza tangi lililojengwa mahali lilipo lichunguzwe hatari ya kuvunjika ghafla linapokarabatiwa, kuunganishwa upya au kubadilishiwa matumizi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Floreffe walianza na ukuta, na ufa ukaupita. Mkaguzi anayeingia ghala lolote la mafuta akiwa na futi kamba ya kupimia ukuta aombe kwanza cheti cha jaribio la maji, kisha asome yalifika kimo gani.