Mwalimu anayeuliza: kitabu cha Padri Tempels na waalimu wa unifersite ya Kolwezi

Kuna kitabu kidogo ambacho wengi wetu tumekiona katika maktaba ya seminari, lakini wachache tumekifungua: Notre rencontre, cha Padri Placide Tempels, Mfransisko, kilichotoka Léopoldville mwaka 1962. Watu wote wanamjua Tempels kwa sababu ya La philosophie bantoue ya mwaka 1945. Juu ya kitabu hicho wanafilosofia wetu wamekwisha kugombana vya kutosha, nasi hatutaki kuongeza neno. Tunataka kusoma hiki cha pili, tena kwa upande usiozoewa: kama habari ya mwalimu aliyejifunza upya kazi yake ya kufundisha. Nasi tunakisoma sasa kwa maana katika unifersite zetu, hata hapa Kolwezi, watu wanasema sana juu ya kuwafundisha waalimu wenyewe namna mpya za kufundisha.

Tueleze kwanza jambo hilo. Mwezi wa Septemba 2021 wakubwa wa masomo ya juu walikutana Lubumbashi katika mkutano wa nchi nzima, na kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 mpango wa zamani, wa gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, ulianza kuachwa. Mpango mpya, unaoitwa LMD, unafwata njia ya Ulaya: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kiisha udaktari. Masomo yanahesabiwa kwa kredi, 30 kwa kila semestre, 180 kwa lisansi nzima, na ndani ya kredi hizo zimo saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi yeye mwenyewe. Ndipo shida ilipoonekana. Mwalimu aliyezoea kusoma silabusi yake mbele ya kalasi, wanafunzi wakiandika katika kaye, anaambiwa leo aongoze kazi ya mwanafunzi. Nani alimfundisha hayo? Udaktari unamfundisha mtu kuchunguza, haumfundishi kufundisha. Na tangu asista mpaka profesere ordinere, mtu anapanda hasa kwa maandiko yake. Mapadri waliotumwa Roma ao Louvain na kurudi na diploma kubwa hawako mbali na shida hii. Wanafunzi wa seminari wanaosoma maneno haya wanajua tunachosema.

Kwetu kuna jambo jingine tena. Unifersite ya Kolwezi ilizaliwa na ile ya Lubumbashi, na mpaka leo waalimu wageni wanapita barabara ile ya kilometre karibu 300, wanafundisha somo zima kwa siku chache, wanarudi kwao. Kwa mtu wa namna hiyo silabusi ndiyo njia fupi. Tusimhukumu kwa haraka.

Sasa Tempels. Alifika Kongo mwaka 1933. Katika kitabu chake anaeleza kwamba alipita hatua tatu. Hatua ya kwanza: alikuwa padri na Mzungu na mkubwa, mwenye mafundisho tayari mkononi, na kazi ya watu ilikuwa kuyapokea. Watu waliyapokea kwa mdomo, maisha yao yakabaki palepale. Hatua ya pili: alianza kuchunguza desturi zao, mezali zao, mawazo yao, apate njia ya kuingiza mafundisho yaleyale kwa utamu zaidi. Hatua ya tatu: aliacha kutafuta mlango wa kupitisha mzigo wake, akaanza kumtafuta mtu. Mwaka 1946 alirudishwa Ulaya; mwaka 1949 alikuja tena, na kazi yake ikawa hapa Kolwezi, katika kambi ya Ruwe, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao. Huko Jamaa ilizaliwa mwaka 1953. Aliwauliza watu: ninyi ni nani, mnataka nini? Wakamjibu kwa Kiswahili chao: uzima, uzazi, mapendo. Juu ya maneno hayo matatu ndiyo alijenga yote.

Nguvu ya kitabu, kwa maoni yetu, iko katika hatua ya pili. Wasomaji wengi wanairuka mbio ili wafike kwenye ya tatu, yenye moto. Sisi tunaona kwamba karibu mambo yote yanayoitwa leo namna mpya za kufundisha yamesimama katika hatua hiyo ya pili. Mwalimu anafundishwa kuonyesha picha ukutani kwa mashini, kutuma silabusi kwa telefone, kugawa kalasi kwa vikundi, kuanza somo na hadisi ya kuchekesha. Vyombo hivi vyote si vibaya. Lakini mzigo ni uleule. Ni kamba tu iliyobadilika. Tempels alikaa katika hatua hiyo miaka, akaandika ndani yake kitabu chake chenye sifa kubwa kuliko vyote, na kiisha akaona haitoshi. Mtu anayekiri hivyo juu ya kazi iliyomletea jina anastahili kusikilizwa na wale wanaopanga mafunzo ya waalimu.

(Inatushangaza kidogo kwamba waalimu wetu wakitaka kusema juu ya masomo ya mazungumzo wanamtaja mara moja Paulo Freire wa Brazili, ambaye kitabu chake ni cha mwaka 1968. Ni mwalimu mkubwa, hatukatai. Lakini yule wa Ruwe alikuwa hapa nyumbani, miaka 15 mbele yake.)

Basi, je, tukifwate kitabu hiki kama dawa? Hapana. Kina upungufu wa namna mbili, na yote miwili inamgusa mwalimu wa unifersite kuliko hata katekista.

Upungufu wa kwanza: Tempels haoni vya kutosha kwamba mwenye kuuliza alikuwa nani. Mwaka 1953, katika kambi ya kompani, padri Mzungu anamwuliza mfanyakazi: unataka nini? Mfanyakazi yule alikuwa na uhuru gani wa kujibu: sitaki kitu kutoka kwako? Tunaamini kwamba mapendo yalikuwa ya kweli. Lakini mwenye nguvu akiuliza, mara nyingi anajibiwa lile analopenda kusikia. Profesere naye ana pointi juu ya 20 mfukoni. Akiuliza swali mbele ya kalasi na kalamu mkononi, wanafunzi hawatafuti ukweli, wanatafuta wazo la profesere. Mbele ya kumfundisha mwalimu kuuliza, afundishwe kwanza kuweka kalamu ile chini: kwamba saa ya kuuliza ni mbali na saa ya kupima.

Upungufu wa pili haumo katika kitabu chenyewe, ni jambo lililokuja nyuma yake. Johannes Fabian, mtaalamu Mjerumani aliyefundisha pia Lubumbashi kati ya miaka 1972 na 1974, alichunguza Jamaa na kutoa kitabu juu yake mwaka 1971. Tukisoma kazi yake tunaona lile lililotokea: mazungumzo ya kwanza yaligeuka mafundisho, yenye vichwa vyake na mpango wake, na njia tatu ambazo kila mtu apite moja kiisha nyingine. Maswali yalibaki, lakini jibu lilijulikana mbele. Hatusemi hivyo kuwasengenya wandugu wa Jamaa, waliowapa watu wa kambi heshima ambayo kompani haikuwapa. Tunasema hivyo kwa sababu, kama swali la Tempels mwenyewe liliweza kuwa silabusi, kitu gani kitazuia namna mpya za leo zisigeuke hivyo? Tayari kuna waalimu wanaogawa vikundi, na kila kikundi kinarudi na majibu yaleyale yaliyoandikwa katika ukurasa wa 12.

Swali la kweli ni lile ambalo mwalimu mwenyewe hana jibu lake lote. Na hapa Kolwezi maswali hayo hayana haja ya kutafutwa mbali. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo, watu walianza kuchimba chini ya nyumba zao, wakapata heterojeniti, jiwe jeusi lenye kobalti. Mtaa mzima ukatobolewa. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na katika kalasi ya jeolojia anaweza kukaa kijana ambaye baba yake anajua kufwata mshipa wa jiwe gizani kwa rangi na kwa uzito. Kijana huyo anaandika kwa Kifaransa maelezo ya heterojeniti ambayo profesere alinakili wakati wa masomo yake, na hakuna anayemwuliza kitu. Toka nje wakati wa mapumziko: yeye na wenzake wanabishana kwa Kiswahili juu ya bei, juu ya shimo lililoanguka, juu ya maji ya mto, kwa akili ambayo mwalimu hajaisikia hata siku moja. Hatusemi kwamba mchimbaji anajua jeolojia yote. Kama angalijua, watu wasingalizikwa ndani ya mashimo. Ndiyo sababu hasa wahitajiane: mmoja anajua mahali, mwingine anajua kwa nini udongo unaanguka.

Watatuambia: Tempels alikaa na mume na mke nyumbani mwao, sisi tuna mamia katika oditoriumu moja. Ni kweli, na kitabu hakina jibu juu yake. Lakini mamia hao hawakai pamoja siku zote. Kazi za mikono na mazoezi zinaongozwa na asista, katika vikundi vidogo, na asista ni mtu anayekaa Kolwezi, anayejua Kiswahili cha wanafunzi wake, tena hajazoea bado kusoma silabusi mwaka kwa mwaka. Fedha za mafunzo zikiwa chache, zianzie kwake. Na kuna mafunzo yasiyotaka fedha wala umeme: maasista wawili wapatane, kila mmoja aingie katika kalasi ya mwenzake mara moja kwa mwezi, akae nyuma kabisa, ahesabu ni maswali mangapi ambayo mwenzake aliyauliza bila kujua jibu.