Fadhila na Deni: Kusoma The Godfather kwa Mara ya Kwanza

Kuna vitabu ambavyo mtu hudhani amevisoma kabla hajavifungua. Habari zake zimekwisha kusimuliwa barazani, na majina ya watu wake yamekwisha kuwa majina ya mzaha. The Godfather cha Mario Puzo, kilichopigwa chapa Marekani mwaka 1969, kilikuwa kitabu cha namna hiyo kwangu. Filamu ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1972 niliitazama zamani, nikaridhika kwamba hadithi naijua. Mwaka huu mwanafunzi mmoja aliniuliza kama kitabu hiki chafaa kutajwa pamoja na riwaya zisomwazo darasani. Niliona haya kumjibu kwa kumbukumbu ya sinema, basi nikakisoma.

Taabu huanza katika jina. Wakatoliki wa kwetu husema baba wa ubatizo, lakini maneno haya hayatoki nje ya mlango wa kanisa. Mlezi lakaribia, mfadhili lakaribia zaidi. Walakini hapana moja libebalo mzigo wote. Kwa watu wa Sicilia, kama Puzo anavyowaeleza, mtu huyu huwa jamaa wa mtoto na wa wazazi wake pia, na anayeupokea ujamaa huo hupokea na deni lake. Mfasiri atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili atatoka jasho kwa neno hili moja kuliko kwa habari zote za bastola.

Sura ya kwanza yaanzia kortini New York. Amerigo Bonasera, ambaye kazi yake ni kutengeneza maiti kwa mazishi, amekuja kuwaona vijana wawili waliompiga binti yake wakihukumiwa. Hakimu awapa kifungo cha maneno tu, kwani kifungo chenyewe chaahirishwa, na vijana warudi kwao. Baba huyu, ambaye miaka yote aliiamini sheria ya nchi aliyohamia, amwambia mkewe kwamba haki wataipata kwa Don Corleone. Kisha twapelekwa arusini, siku ya Jumamosi katika mwezi wa Agosti 1945, Don anapomwoza binti yake. Desturi yasema kwamba siku hiyo Msicilia hawezi kukataa ombi. Mwoka mikate aja na haja yake, mwimbaji na yake, na Bonasera na yake.

Nilitazamia kitabu cha damu. Nikakuta kitabu cha maombi. Don hakasiriki kwa kuombwa kuua. Akasirika kwa sababu Bonasera alimkwepa miaka mingi asije akawa na deni kwake, na sasa amekuja na fedha kana kwamba anakwenda dukani. Ombi la kuua alikataa, kwa hoja kwamba binti yu hai. Lakini baada ya Bonasera kumkubali kuwa rafiki na godfather wake, vijana wale wawili wapigwa vibaya. Nilipofika hapo nilifurahi. Sina budi kulisema hili wazi, kwa kuwa ndilo jambo lililonisumbua tangu siku ile. Puzo hakunishawishi kwa hoja. Alinionyesha hakimu mmoja dhaifu katika kurasa chache, nami nikampigia kura muuaji. Msomaji aliyekwisha kupokea fadhila hiyo huona vigumu kumkana Don baadaye.

Malipo ya Bonasera ndiyo mahali pazuri kuliko pote katika kitabu. Kwa muda mrefu aliogopa kwamba ataitwa ashiriki katika uovu. Usiku unapofika, Don aja na maiti ya mwanawe mkubwa, Sonny, aliyepigwa risasi nyingi, aomba mwili huo utengenezwe ili mama yake asimwone alivyo. Basi. Deni lililotisha kama mauti lalipwa kwa kazi ya kila siku ya mtu huyo.

Lakini mchambuzi hana budi kuuliza ni nani asiyeletwa mbele yetu. Twawaona waliosaidiwa, waliodhulumiwa kwa kamari, kwa riba na kwa vyama vya wafanyakazi vilivyotiwa mfukoni, wakaa gizani. Wako wasomaji wamsifuo Don kwa kukataa biashara ya madawa ya kulevya. Na wayatazame maneno yake kwa Sollozzo: hofu yake ni kwamba marafiki zake wa siasa wataukimbia urafiki wake. Hiyo ni hesabu ya mfanyabiashara, wala si huruma.

Aibu za kitabu si chache. Habari za Lucy Mancini huko Las Vegas, na nyingi za Johnny Fontane huko Hollywood, zingeweza kukatwa bila hadithi kutokwa na tone la damu. Lugha ni ya haraka. Puzo mwenyewe alikiri kwamba aliandika ili apate fedha: riwaya zake mbili za kwanza, za mwaka 1955 na 1965, zilisifiwa lakini hazikumlisha, naye alikuwa na madeni ya dola 20,000. Alikiri pia kwamba alipoandika alikuwa hajapata kukutana na jambazi wa kweli. Basi ukweli niliousikia watoka wapi? Jibu alilitoa baadaye: kila Don aliposema, mwandishi alisikia sauti ya mama yake, mwanamke mhamiaji aliyelea watoto katika mtaa wa maskini wa New York. Nilipolijua hili nilirudia mazungumzo ya Don na wanawe, na kweli, ni maneno ya jikoni: kula, usimwamini mgeni, usiseme ya nyumbani mbele ya watu.

Kwa hiyo sikubali kwamba kisa cha Michael ni kile cha mtoto wa nyoka kuwa nyoka. Yeye ndiye aliyejitenga na kazi ya babaye, akaenda vitani na chuoni. Kilichomrudisha ni mapenzi ya mwana kwa baba mgonjwa hospitalini, asiye na mlinzi. Na mwisho wake akubali kuwa godfather wa mtoto wa dada yake, kisha aamuru baba wa mtoto huyo, Carlo, auawe. Kitabu kizima, pamoja na jina lake, kimo katika tendo hilo.

Filamu yaishia pale mlango unapofungwa mbele ya macho ya Kay, mke wa Michael. Kitabu chaendelea. Kay aondoka, arudi, aingia Ukatoliki, na ukurasa wa mwisho wamwonyesha kanisani akiomba kwa ajili ya roho ya mumewe, kama mama mkwe wake alivyomwombea Don kila asubuhi. Don na Michael walipokea maombi ya watu. Deni la damu wameachiwa wanawake hawa, ambao hakuna aliyewauliza.

Mwanafunzi wangu nimemwambia kwamba kitabu na kitajwe, na kwamba sura za Las Vegas aweza kuziruka.